Mshono Chini ya Puti

Delmer alikwangua puti yote chini ya mlango wa gari, bati tupu likajitokeza, naye akaizima mashine ya msasa.

Chuma kilikuwa kimeoza. Mtu alikuwa amechomelea kipande cha bati juu ya kutu, akakipaka puti, akapiga rangi nyekundu inayong'aa.

Mwanamke mwenye gari alichutama kando yake. "Kaka yangu, Mungu amrehemu, aliliendesha hili gari miaka yote hiyo, kumbe limeshikwa na uji! Fundi gani huyu asiye na haya?"

Delmer alipitisha kidole cha mkono wake wa kushoto juu ya mshono wa kuchomelea. Matone ya chuma yalilalia upande mmoja, kama yanavyolala ya mtu anayechomelea kwa mkono wa kushoto.

Magoti yalimuuma, akaketi sakafuni. Angeweza kukikata kile kipande na kukitupa kwenye vyuma chakavu, na Michigan nzima isijue.

"Mzee, unamfahamu huyo fundi?"

"Ni mimi, dada," akasema. "Nilikuwa kijana, na nilikuwa na haraka."

Mwanamke akanyoosha mkono kutaka funguo za gari lake.