Kipimo cha Shingo

Kesho yake baada ya mazishi ya yule mwandishi wa riwaya za kisasi, Hemedi aliingia kibandani kwa Bi Mashavu, fundi cherehani, akataka kupimwa kanzu. Hakuwahi kukanyaga pale. Mji mzima ulijua kwamba yeye ndiye aliyemuua mwana wa Bi Mashavu, na kwamba mahakama ilimwachia kwa kukosa ushahidi.

Bi Mashavu alichukua utepe wa kupimia. Juu ya meza, chini ya mkasi, kilikuwapo kitabu cha mwisho cha marehemu, kimechakaa. Kila jioni alisoma pale muuaji anapochinjwa, damu ikitapakaa ukurasa baada ya ukurasa, mpaka hamu ya kulipiza kisasi imtulie.

"Kumbe nawe unamsoma?" Hemedi akauliza.

"Ndiye aliyekuweka hai mpaka leo."

Hemedi hakushtuka. "Mimi ninavyo vitabu vyake vyote, mama. Muuaji akishakatwakatwa, ndipo napata usingizi." Akakitazama kitabu mezani. "Sasa mwenyewe kafa. Nani atatumalizia huyo muuaji?"

Bi Mashavu akaunyoosha utepe. Akapima mabega, akapima mikono. Ikabaki shingo.

"Inua kidevu."

Hemedi akakiinua juu kuliko ilivyohitajika, akafumba macho. Utepe ukaizunguka shingo, na chini ya vidole vyake Bi Mashavu akausikia mshipa ukidunda taratibu, kama wa mtu anayeanza kusinzia.