Ruta ya Chumba cha Uani

Ruta ya pili, ile ya kufikisha mtandao chumba cha uani, ilikuwa imesahau kila kitu tena.

Fundi aliisonya. Mara mbili alikuwa ameipa anwani yake, akaizuia isigombanie kazi na ruta kubwa, akaiwekea nywila. Kila akitoka kwenda kuvuta waya uani, akirudi sebuleni anaikuta mezani ikiwa mpya kama imetoka dukani leo. Kuna mtu alikuwa akikibonyeza kile kitufe cha nyuma, kile cha kufuta kila kitu. Kitundu chake hakiingii kidole. Kinataka kitu chembamba.

Na kando ya meza, bibi mzee wa nyumba hiyo alikuwa ameketi, sindano mkononi, akitia viraka.

Fundi hakumlaumu hata chembe. Binti wa bibi huyo ndiye aliyempigia simu: “Kuna mtu humu ndani hataki kuhamia chumba cha uani, eti mtandao haufiki. Njoo umwondolee kisingizio.”

Maneno hayo fundi aliyajua. Bibi yake mwenyewe alihamishiwa nyuma ili “apate utulivu”. Sahani yake ikawa inapelekwa huko. Kisha ikawa inasahaulika. Miaka ishirini imepita, na fundi bado ana neno na wajomba zake.

Mkwe wa bibi alichungulia mlangoni, jasho likimtoka. “Dada, usijitese bure. Ukuta wa kule mnene kama ngome. Mwambie tu mke wangu imeshindikana.”

Angalau mkwe ana utu, fundi akawaza. Akachutama mbele ya bibi.

“Mama, sema neno moja tu. Nikusanye waya zangu, niseme ruta imekufa. Hakuna atakayekutupa uani nikiwa hai.”

Bibi aliitua sindano. Alimtazama kama anayetazama mtu aliyevaa viatu kushoto kulia.

“Anitupe nani? Wee mtoto, malizia kazi, safari hii naishika mwenyewe!” Akaikumbatia ruta kifuani kama kichanga, kisha akapaza sauti kuelekea chumbani: “Binti yangu! Mtolee mumeo godoro. Leo atakoroma na mtandao wake huko huko!”

Mlangoni, mkwe aliangusha kijiti cha meno.