Jasho Kwenye Pedeli

Kiti kilikuwa kikavu tena.

Jeska alipitisha kitambaa juu yake, kisha kwenye usukani wa baiskeli ya mazoezi, kitambaa kikatoka kikavu vilevile. Akachutama. Kwenye pedeli ndiko alikokuta unyevu, jasho bichi kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu aamke akashusha pumzi.

Miguu ya mume wangu inatoka jasho, alijisemea. Basi damu inafika.

Hilo ndilo tumaini pekee lililobaki katika nyumba ile ya mtaa wa Chemchem, nalo lilikuwa dogo hata kulitaja ni aibu. Daktari hakuwa amemficha kitu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeushika mguu wa kulia wa mumewe, Silasi, na kidonda cha kisigino hakikusikia dawa.

"Mguu unaokufa huwa mkavu na wa baridi, mama," daktari alisema. "Apige pedeli taratibu kila siku, damu itembee. Siku akishindwa, mleteni siku hiyohiyo tuukate. Mkichelewa, hata kuukata hakutasaidia."

"Sikatwi," Silasi alijibu palepale. "Nitazikwa na miguu yangu yote miwili."

Na hakuwa akitania. Mtu aliyebeba ndoo za asali kwa baiskeli kutoka Ipole hadi Tabora mjini tangu ujana wake, mchanga wa njiani ukimeza magurudumu, utamwambia nini kuhusu miguu? Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko gogo la mninga. Alihamia kulala kwenye chumba cha baiskeli, akawa anatembea kwa kushika ukuta, na kidonda alikifunga mwenyewe kwa asali, mlango umekomewa. Jeska hakuruhusiwa kukiona. Chumba kizima kilinukia nta, na kitu kingine ambacho Jeska hakupenda kukitaja.

Baiskeli hiyo ya mazoezi walipewa na Arif, mwenye duka aliyekuwa akichukua asali ya Silasi tangu enzi za marehemu baba yake. Aliileta mwenyewe kwa pikapu, akampa Jeska masharti kana kwamba anamkabidhi mtoto wa kulea.

"Mama Magreth, jasho linakula chuma. Kila akishuka, wewe futa. Pedeli uzikaze kwa spana kila wiki, zikilegea zinakula uzi wa skrubu. Kiti kifike kwenye nyonga ya anayepanda. Halafu hii haina friwili kama baiskeli zenu za asali. Ukiacha kukanyaga, pedeli bado zinazunguka, zitakupiga. Aminye breki kwanza, ndiyo atoe miguu. Mwambie mzee asiifanyie ujeuri, mimi mwenyewe imenichubua."

Jeska aliyashika masharti yote, isipokuwa moja. Kiti kilibaki palepale alipokiacha Arif, na Arif ni mrefu kama nguzo ya umeme, wakati Silasi hamfikii hata begani. Alipotaka kukishusha, mumewe alimzuia.

"Kiache. Nimeshakizoea."

Asubuhi na jioni Silasi alijifungia, na gurudumu likaanza kuvuma. Jeska hakuhitaji kuchungulia. Mke wa mbeba asali huijua baiskeli kwa sikio. Zamani kule Ipole, kila siku ya safari, Silasi aliipindua baiskeli yake magurudumu juu, akazungusha pedeli kwa mkono, akasikiliza kama kuna kinachokwaruza. Jeska kitandani aliusikiliza mvumo ule, akajua kama mumewe atafika salama au ataishia njiani. Na huu wa sasa ulikuwa mvumo safi, hauna kasoro.

Jioni hiyo gurudumu likiwa linavuma, Magreth, binti yao, alipiga simu kutoka Nzega. Mama na binti walikuwa na siri yao: siku Silasi atakapoacha kupanda, Magreth angekuja na gari na kaka zake, wambebe hadi hospitali, apende asipende.

"Mama, mimi roho yangu haijatulia. Gari la kukodi ninalo hapa. Nije tu kesho."

"Uje ufanye nini, na baba yako anapanda?"

"Mbona Jumapili nilimkuta vidole vya mkono vyote vimechubuka?"

"Alisema ni bati la banda la kuku." Jeska akaisogeza simu mlangoni. "Msikilize mwenyewe."

Magreth alitega sikio. Naye ni mtoto wa mbeba asali.

"Kweli, anakanyaga vizuri," alikiri.

"Na leo pedeli nimezikuta zimelowa jasho. Mguu uliokufa utatoa jasho wapi, mwanangu? Usije. Akikuona na gari atajua tumemsaliti, na hapo ndipo atakapokata tamaa. Lirudishe."

"Haya, Mama. Nalirudisha."

Jeska aliiweka simu chini, akalia kidogo, kilio cha mtu anayeiogopa furaha yake mwenyewe. Alikuwa bado anajifuta macho kwa kanga pale kitu kilipogonga ndani. Mvumo ukakatika, na Silasi akapiga ukelele wa maumivu.

Breki! Hakuminya breki! Jeska aliusukuma mlango kwa bega, mara mbili, hadi komeo likang'oka.

Silasi alikuwa ameketi kwenye kigoda, chini kabisa, ubavuni mwa baiskeli, akinyonya vidole vya mkono mmoja vilivyokuwa vikivuja damu. Mguu wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto, mweusi hadi gotini, na mkono wake wa pili, uliolowa jasho, ulikuwa bado umeshika pedeli.