Chura wa Dimbwi la Pili

Dada mtu alimkamata chura kwenye dimbwi la mdogo wake, akamficha kiganjani na kwenda naye mbio hadi kwenye dimbwi lake mwenyewe.

Kiwanda cha ngozi kilipofungwa kiliacha madimbwi mawili ya sumu, na kila ndugu akapewa moja alisafishe. Mkubwa aliyachuja maji kwa mkaa na mchanga. Mdogo alipanda matete. Leo msimamizi angechagua wa kuongoza usafishaji wa mto mzima.

"Dada, vyura wangu hawanipi usingizi," mdogo alikuwa amemtania mbele ya vibarua. "Wako wataimba lini?"

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

"Kwako ng'ombe atakunywa nini, dada yangu? Sumu?"

Vibarua walicheka hadi wakaegemea makoleo. Tangu hapo kila mlio wa chura ulimchoma sikio kama sindano.

Sasa dada mtu alipiga magoti kando ya dimbwi lake, akakifungua kiganja juu ya maji. Chura alikuwa baridi, koo lake likipwita. Mlio mmoja tu ungemtosha kuonyesha kwamba maji yake yamepona.

Chura aligusisha kidole kimoja majini, akaurudisha mguu upesi. Akampanda kifundo cha mkono. Alipomkung'uta, akazidi kupanda, akiing'ang'ania ovaroli hadi begani. Hapo akavimbisha koo, akalia.

"Kumbe na huku wapo?" msimamizi akauliza kwa furaha nyuma ya mgongo wake.

"Yupo, bosi," mdogo mtu akajibu kwa sauti tamu. "Mwangalie begani."