Kofi la Nanaa

Hebu niambie, wewe ungenyamaza ukiona mtu anakuibia mama yako mchana kweupe?

Dada wa kaunta, mchanganyaji vinywaji kwa miaka tisa, alisimama pembeni akimtazama bosi akipigwa picha za gazeti. Bosi alikuwa amevaa aproni ya dada, na hata kamba hakujua kuifunga.

"Kinywaji hiki nimekibuni mwenyewe," alimwambia mwandishi. "Ni kumbukumbu ya marehemu mama, alivyopenda nanaa."

Marehemu yupi? Mama wa bosi jana tu alipiga simu hapo baa kumtafuta mwanawe!

Aliyependa nanaa ni mama wa dada. Aliliweka jani kiganjani, akalipiga kofi moja, pa, harufu iamke, ndipo alitie kwenye chai.

Bosi alishika mchi akayatwanga majani kama mwenye ugomvi nayo. Mwandishi akaonja, akakunja uso.

"Mbona kichungu?"

"Dada, hebu mrekebishie mgeni," bosi akanong'ona.

Dada akaliweka jani kiganjani, akalipiga kofi moja. Harufu ikajaa kaunta nzima.

"Andika, ndugu mwandishi," alisema. "Kinywaji hiki ni changu. Na huyo marehemu ni mama yangu mimi."