Heshima ya Rabi Zundl

Pesya alikuwa akikung'uta makombo ya mkate kwenye mifuko ya makoti, Pasaka ya Kiyahudi, isiyotaka chachu nyumbani, ikiwa imebaki wiki moja, gari la vipaza sauti lilipopita chini likitangaza kwamba Rabi Zundl Kestler amefariki na mazishi ni saa nane mchana. Hakuacha kukung'uta.

Mumewe, Gedalya, alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Alikuwa mwanafunzi wa Rabi Zundl kwa miaka arobaini. Mji mzima wa Bnei Brak ulimjua kwa heshima yake: akisikia tu mkongojo wa rabi mlangoni, tayari amesimama. Hata rabi alipoamua kwamba binti yao, Toibe, arudi kwa mume aliyekuwa akimpiga, Gedalya alijibu, "Ndiyo, rabi." Akamrudisha mara tatu. Baada ya ile ya tatu waliitwa wakachukue maiti.

Tangu siku hiyo walikula, walilala, walisali. Kulia kulikuwa kumekataa.

"Wamekupa wewe hotuba?" Pesya aliuliza.

"Watoto wake wameniomba."

"Basi mtaje Toibe. Mara moja tu, Gedalya. Watu wasikie."

"Mwanachuoni hasemwi vibaya, Pesya. Sembuse akiwa maiti."

"Kwa hiyo utampamba."

"Nitafuata sheria."

"Sheria!" Pesya alicheka kicheko kikavu. "Si ungeoa hiyo sheria, mimi ukaniacha kwetu?"

Alimfuata hata hivyo, akasimama upande wa wanawake. Barabara ilikuwa nyeusi kwa makoti. Maiti alilazwa kwenye machela, amefunikwa shuka lake la sala. Mwana mkubwa wa marehemu alimshika Gedalya kiwiko.

"Panda, mzee wangu. Nani anamjua baba kukushinda wewe?"

Gedalya alipanda jukwaani. Hakuwa na hasira wala huzuni. Mwili mzima ulikuwa ganzi. Maelfu walimtazama. Wengine walishatoa vitambaa vya kufutia machozi. Pesya aliangalia chini.

"Leo ni tarehe nane Nisani," Gedalya alisema kwenye kipaza sauti, kwa adabu yake ileile ya siku zote. "Mwezi huu sheria inakataza hotuba ya kumlilia marehemu, isipokuwa marehemu awe mwanachuoni."

Akamwinamia maiti, akashuka bila kutoa hotuba.