Mkono wa Kulia

"Mkono wa kushoto ni mzima. Mfundishe ale kwa huo," mwalimu akaamuru.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa Ramlah, mwanafunzi wa tiba kwa vitendo, ile ya kuwafundisha wagonjwa kujihudumia tena, katika wodi moja mjini Mbale. Mgonjwa wake, mzee wa Kinubi ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, akageukia ukuta.

"Mzee wetu ni Mwislamu, mwalimu. Hatakula kwa kushoto. Atashinda na njaa."

"Basi utafeli."

"Nifelishe."

Ramlah akaviringisha sponji kwenye mpini wa kijiko, akakifunga kwenye kiganja kile kilicholegea, kisha akamshika mzee kiwiko. Kijiko kikapanda kikitetemeka. Uji mwingine ukamwagikia shati, mwingine ukafika mdomoni. Wakarudia hadi bakuli likaisha.

Mzee akamsukumia mwalimu bakuli tupu, kwa mkono wa kushoto.

"Ongeza."